Wawili Wanaopiga Hodi

Kukataa chai ya watu si jambo dogo. Umefika nyumbani kwa mtu saa kumi jioni, umepewa kiti kizuri kuliko vyote, mama mwenye nyumba anaelekea jikoni, na dini yako haikuruhusu kunywa anachokwenda kukuandalia. Ukikubali, umevunja ahadi yako. Ukikataa ovyo, umemvunjia mwenyeji heshima mbele ya watoto wake. Nimemwona kijana wa miaka 19 akilipita jaribu hilo pale Tabata, Dar es Salaam, kwa utulivu ambao watu wazima wengi hawana. Hakusubiri kikombe kifike. Mama alipoanza tu kuinuka, kabla hajagusa sufuria, kijana alisema, "Mama, leo jua limetuchapa kweli. Ukitusaidia maji ya kunywa tutashukuru sana." Mama akaleta jagi na glasi mbili kwenye sinia. Vijana wakapokea kwa mikono miwili, wakanywa mpaka tone la mwisho, wakashukuru. Mama alikuwa amekirimu, wageni walikuwa wamekirimiwa, na chai haikutajwa na mtu.

Sababu alielezwa baadaye, walipokwisha kuzoeana: waumini wa kanisa lao wanafuata Neno la Hekima, mafundisho ya mwaka 1833 yanayowakataza pombe, tumbaku, kahawa na chai. Mama alicheka, akauliza kama uji nao ni haramu. Akaambiwa sivyo, na tangu siku hiyo wakawa wanapikiwa uji wa ulezi. Tazama mpangilio wake: kwanza walipokea kitu mkononi mwa mwenyeji, ndipo wakaeleza wasichopokea. Mmisionari ambaye bado mgeni kazini hufanya kinyume. Hungoja kikombe kijae, halafu akaanza kueleza dini yake huku chai ya mtu inapoa mezani.

Vijana hawa ni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi wetu tunawajua kwa jina la Wamormoni. Utakuwa umewaona: wawili wawili siku zote, shati jeupe na tai kwenye joto la Dar es Salaam, begi mgongoni, beji nyeusi kifuani yenye jina la ukoo na jina la kanisa. Dunia nzima wako zaidi ya 70,000. Mimi si wa kanisa lao, na mengi wanayoyaamini siyaamini. Ninachokipenda ni kazi yenyewe. Kuingia kwa mtu asiyekujua, kukaa naye, kumsikiliza, kumwambia jambo zito kuhusu maisha yake, kisha kutoka ukimwacha akiwa radhi urudi, hiyo ni kazi ngumu kuliko nyingi zinazolipiwa mshahara. Na wamekabidhiwa vijana ambao majumbani kwetu bado tunawatuma dukani.

Mvulana anaruhusiwa kwenda akitimiza miaka 18. Zamani ilikuwa 19, mpaka Oktoba 2012, Thomas S. Monson, rais wa kanisa wakati huo, alipotangaza kuushusha umri huo, na ule wa wasichana kutoka 21 hadi 19. Mvulana hutumikia miezi 24, msichana 18. Mshahara hakuna. Yeye na familia yake ndio wanaochangia kila mwezi. Kwa kijana wa Marekani ni dola 500 tangu Julai 2020, na kwa wa nchi nyingine kiasi hupangwa kwa kutazama nchi anayotoka. Hachagui pa kwenda. Anajaza fomu, anapimwa afya, anahojiwa na viongozi wa kwao, halafu wito unatoka Salt Lake City ukimtajia mahali: Manila, Lima, Dar es Salaam. Hachagui hata atakayeishi naye. Karibu kila kitu ambacho kijana wa umri ule hupigania kukiamua mwenyewe, anakiweka chini kabla ya kupanda ndege. Kinachobaki mikononi mwake ni namna atakavyoifanya kazi, basi.

Kazi hii ina umri sawa na kanisa. Joseph Smith alilianzisha tarehe 6 Aprili 1830 huko Fayette, jimbo la New York, na katikati ya mwaka huohuo mdogo wake Samuel, kijana wa miaka 22, alijaza nakala za Kitabu cha Mormoni, maandiko ya kanisa hilo, kwenye mkoba akaondoka kwa miguu. Mama yao, Lucy Mack Smith, aliisimulia safari hiyo baadaye. Siku ya kwanza Samuel alitembea karibu kilomita 40, akikataliwa nyumba baada ya nyumba. Jioni alipata nyumba ya wageni, lakini mwenye nyumba alipojua ana kitabu gani akamfukuza, na kijana akalala chini ya mti wa tufaha. Kitabu kimoja alikiacha kwa mhubiri wa Kimethodisti aitwaye John P. Greene, kikasomwa na mkewe, Rhoda. Samuel alirudi kwao akiona safari haikuleta kitu. Kumbe Rhoda alikuwa dada yake Brigham Young, na nakala alizoacha Samuel zilizunguka ndani ya ukoo ule. Brigham Young alibatizwa mwaka 1832, na ndiye aliyekuja kuwaongoza waumini kuvuka nyika za Marekani hadi bonde la Salt Lake mwaka 1847.

Wamisionari wa leo wanaijua hadithi hii, na nadhani wanaijua kwa sababu inawahusu kila siku. Mtu akifanya kazi ambayo huenda asiyaone matunda yake, hana budi kutafuta kipimo kingine cha kujua kama leo amefanya vizuri au vibaya. Nilipoanza kuwatazama kwa makini nilidhani kipimo hicho ni ufasaha. Nilitegemea kuona vijana waliofunzwa kusema. Nikakuta vijana waliofunzwa kuuliza.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kwa miongo mingi ya karne iliyopita wamisionari walipewa masomo yaliyopangwa, wakayakariri, wakayasema nyumba hadi nyumba. Mwenyeji alikuwa na maswali yake, lakini somo lilikuwa na mstari wake, na mstari ndio ulioshinda. Mwaka 2004 kanisa likatoa kitabu cha kazi kiitwacho Hubiri Injili Yangu, kilichotolewa upya mwaka 2023, na kukariri kukawekwa kando. Mafundisho ni yaleyale, lakini mmisionari anatakiwa ayajue kiasi cha kuweza kuanzia popote alipo mtu anayemsikiliza. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo yakiandikwa. Kwa mwenye kazi ni makubwa sana, maana anayekariri anajiandaa mara moja, na anayesikiliza hana siku ya kupumzika kujiandaa.

Ndiyo maana asubuhi zao zinalindwa kwa ukali. Wanaamka saa kumi na mbili na nusu, wanafanya mazoezi nusu saa, wanakula, halafu kuanzia saa mbili kila mmoja anasoma peke yake, kisha wanasoma pamoja. Wanayemjadili kwenye usomaji huo wa pamoja ni mtu wa kweli wanayekwenda kumwona alasiri: alisema nini juzi, alinyamaza wapi, alimtaja nani. Mmoja anajifanya ndiye huyo mtu, mwingine anamfundisha, halafu wanabadilishana. Kuanzia hapo wako mtaani hadi saa tatu usiku, ukiondoa chakula, na saa nne na nusu taa zinazimwa. Tangu mwaka 2017 misheni zimepewa nafasi ya kusogeza saa hizi kufuata mazingira, na kwa Dar es Salaam ni busara, kwa sababu saa saba mchana utamkuta nani nyumbani mwenye nafasi ya kuzungumza mambo ya roho?

Mazoezi hayo ya kujifanya mwenyeji huanzia chuoni. Kituo chao kikubwa cha mafunzo kiko Provo, Utah, na hufundisha zaidi ya lugha 50. Afrika kuna kingine karibu na Accra, Ghana. Kijana anayejifunza lugha mpya hupata wiki chache tu, sita hadi tisa hivi, na katika siku zake za kwanza kabisa, ngeli bado zinamgonga, anaingizwa chumbani kumfundisha mtu kwa lugha hiyo. Aliyeketi mbele yake ni mwalimu wake anayeigiza kuwa mtu wa mtaani. Anakosea, anatoka, anasahihishwa, kesho yake anarudi kwa "mtu" yuleyule, ambaye anakumbuka aliyoambiwa jana. Nauona mpango huu una akili sana. Unamzoesha kijana kwamba lugha ni njia ya kumfikia mtu fulani, si mtihani wa kufaulu.

Wale wawili wa Tabata, mmoja alitoka Utah, mwingine Lubumbashi. Kiswahili cha kwanza kilikuwa cha darasani, kila neno limenyooka. Cha pili kilikuwa cha Katanga, kitamu, chenye Kifaransa ndani yake, nacho watoto wa mtaa walikicheka kuliko cha Mmarekani, kwa sababu huyu Mkongo walimtegemea ajue. Wote wawili walikuwa na daftari dogo mfukoni. Ile sentensi ya jua kuwachapa haikutoka Provo. Kijana wa Utah aliisikia kwa muuza mihogo wa kona, akaomba airudie, akaiandika, akaijaribu kwa mwendesha bodaboda, akaona imekubaliwa, ndipo akaitumia kwa mama. Sentensi moja, watu watatu. Kanisa lilipata usajili Kenya mwaka 1991 na Tanzania mwaka uliofuata, na Kitabu cha Mormoni kizima kwa Kiswahili kilichapishwa mwaka 2000, kwa hiyo waliotangulia walikuwa na vitabu vichache vya kuegemea. Lakini lugha ya kibarazani haijawahi kuwa vitabuni kwa yeyote kati yao. Ilibidi na inabidi iombwe kwa watu.

Mama wa Tabata ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na alikubali niwepo siku moja walipokuja. Nitaeleza nilichokiona kwa urefu, kwa sababu hapo ndipo kazi ilipo.

Walipiga hodi, wakangoja nje mpaka walipoitikiwa, wakavua viatu bila kuambiwa. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, karibuni." Waliuliza habari za mtoto aliyekuwa na homa wiki iliyopita, wakamtaja kwa jina. Mama aliendelea na kazi huku akizungumza, mguu kwenye cherehani, kitambaa cha bluu kikitembea chini ya sindano. Vijana walikuwa wamepanga somo kuhusu manabii. Nilikuja kulijua hilo baadaye. Walianza kwa sala fupi, kisha yule wa Utah akauliza, "Mama, wewe ukisali, unasalije?"

Mama hakujibu. Akashona mshono mzima hadi mwisho, akakata uzi kwa meno, akageuza kitambaa. Mimi niliyekaa pembeni niliona aibu kwa ajili yao, nikatamani mmoja aseme neno, lolote, aondoe kile kimya. Hakuna aliyesema. Yule wa Lubumbashi aliinamisha kichwa kidogo, mikono juu ya magoti, na mwenzake naye akatulia vilevile. Katika kazi yao yote sijaona kilichonipendeza kama kile kimya. Mtu wa miaka 19 anaogopa kimya kuliko giza, na hawa walikaa ndani yake bila kujikuna.

Hatimaye mama alisema, "Mimi nasali hapa hapa, nikishona. Nikipiga magoti usiku usingizi unanichukua."

Hawakumsahihisha. Hawakutafuta aya ya kuthibitisha kwamba inafaa au haifai. Wa Lubumbashi akauliza kwa sauti ya chini, "Na ukishona, unamwambia Mungu habari gani?" Hapo mguu ukasimama. Mama alizungumza juu ya mwanawe wa kwanza aliyekwenda Mwanza kutafuta kazi ya uvuvi, ambaye simu yake haipatikani. Alizungumza kwa muda mrefu. Somo la manabii halikufundishwa siku ile. Walifungua kitabu, wakasoma aya chache kuhusu Mungu kusikia maombi, kila mmoja akisoma kidogo, mama naye akapewa zamu yake, na aliposoma taratibu walimfuata kwa taratibu yake.

Utazame pia namna wawili hao wanavyopokezana maneno. Ni kama watwangaji wawili kwenye kinu kimoja: mchi wa huyu unapanda wa yule ukishuka, na hawagongani. Mmoja akisema, mwingine hatafuti kwenye kitabu wala hatazami dirishani. Anamtazama mwenyeji, kwa sababu yeye ndiye mwenye nafasi ya kuona uso ukibadilika. Akiona jambo, huchukua neno kwa sentensi moja, kisha akalirudisha. Hilo halitokei kwa bahati. Ni zile asubuhi.

Kabla ya kuondoka wakamwomba jambo moja, dogo na la wazi: asome ukurasa mmoja kabla ya Alhamisi, na amwombee mwanawe kwa sauti, hata akiwa kwenye cherehani. Wakauliza, "Utaweza, mama?" Wakangoja jibu. Wakasali, mama akaombwa yeye ndiye amtaje mwanawe ndani ya sala. Dakika hazikufika 45 tangu walipoingia, wakawa wameshavaa viatu. Nimekaa na wageni wengi wa dini mbalimbali wasiojua kutoka nyumbani kwa watu. Hawa wanajua.

Alhamisi walirudi. Nilimuuliza mama baadaye walianza na nini, akaniambia walianza na mwanawe. Ukurasa alikuwa hajausoma, alikuwa na oda ya sare nyingi. Kijana wa Utah akamwambia, "Basi tusome sote sasa hivi, mama endelea kushona, sisi tutakusomea." Ukitafakari, hapo kulikuwa na njia nyingi za kumtia mtu aibu: kuuliza kwa mshangao, kusamehe kwa sauti ya mwalimu, kunyamaza kwa namna ya kulaumu. Walichagua njia isiyokuwa na aibu ndani yake, na nina hakika waliichagua kwa makusudi, kwa sababu kila siku wanao muda wa kupanga mambo hayo. Zamani walikuwa na kijitabu cha ratiba cha karatasi. Sasa wana programu kwenye simu. Wanapitia jina kwa jina: aliahidi nini, tuliahidi nini sisi, nani anahitaji kwenda kuonwa na muumini jirani wa rika lake badala ya sisi vijana.

Kuhusu uwili wao kuna zaidi ya kufundisha. Kanuni inataka mwenza awe mahali unapoweza kumwona na kumsikia wakati wote. Fikiria maana yake kwa watu wawili ambao hawakuchaguana, mmoja anayekoroma, mwingine anayependa kuchelewa, wenye chumba kimoja na sufuria moja, mmoja amelelewa kwa viazi na mwingine kwa bukari, yaani ugali wa kwao. Ukikasirika huwezi kutoka nje kutembea peke yako, atakuja nawe. Kwa hiyo kila wiki, wanapopanga kazi za siku zinazokuja, wanatenga muda wa kuambiana ukweli: jambo gani ninalolifanya linakuumiza, jambo gani lako linanisumbua, tufanyeje. Nimeshuhudia ndoa za miaka mingi zisizo na kikao cha namna hiyo. Na kila baada ya wiki sita hivi linaweza kuja badiliko kutoka kwa rais wa misheni, msimamizi wao, ukapewa mwenza mwingine au mtaa mwingine, ukaanza upya kumjifunza mtu.

Mgeni kabisa kazini hupewa mwenza wa kumfundisha kazi kwa wiki 12 za mwanzo. Mwalimu huyo mara nyingine ana miezi isiyozidi sita kazini yeye mwenyewe. Wapo watakaoona hilo ni upungufu. Mimi naona lina faida yake: aliyefundishwa juzi bado anakumbuka palipomtatiza, na hajafikia hatua ya kufanya jambo bila kujua analifanyaje. Anaweza kueleza kwa nini unaomba maji kabla mama hajashika sufuria.

Jumatatu ni siku ya matayarisho, hadi saa kumi na mbili jioni. Nilipita nyumbani kwao Jumatatu moja, nikawakuta uani na mabeseni. Kola ya shati jeupe kwenye jiji lenye vumbi na jasho ni kesi nzito. Yule wa Lubumbashi alikuwa amelaza mashati usiku kucha kwenye maji ya sabuni ya unga. Sasa alitandaza kola juu ya jiwe, akaipaka sabuni ya mche, akaisugua kwa mswaki wa zamani, kwa mstari mmoja, akifuata mkunjo, asije akauchana. Akasuuza mara mbili, ya tatu kwa maji yenye bluu kidogo. Mashati aliyaanika kivulini yakiwa yamegeuzwa ndani nje. Mwenzake alikuwa akiwahi kupiga pasi mashati ya kwanza kabla umeme haujakatika. Viatu viwili vya soli zilizoisha vilikuwa vimeshapelekwa kwa fundi. Hawakuyafanya haya kwa unyonge. Shati ni sehemu ya hodi, mmoja wao alisema, mtu anakuona kabla hajakusikia.

Ndiyo siku ya kuzungumza na nyumbani pia. Hadi Februari 2019 waliruhusiwa barua pepe mara moja kwa wiki, na sauti ya mama waliisikia mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Sasa wanaweza kupiga simu kila wiki. Wakongwe fulani walilalamika kwamba vijana watadekezwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Kijana anayemsikiliza mama wa mtu mwingine siku sita, siku ya saba ana haki ya kusikilizwa na wake.

Kuna magumu ambayo shati safi haliyaondoi. Wapo wanaougua, mwili au moyo, wakarudi kwao kabla ya muda, na jamii zao haziwapokei sikuzote kwa wema wanaostahili. Kanisa limefungua njia ya kutumikia ukiwa nyumbani, na ni vizuri, lakini macho ya watu yanabadilika polepole kuliko kanuni. Kuna hesabu za ubatizo, ambazo katika mikono ya kiongozi asiye na subira zinaweza kumfanya kijana amtazame mtu akaona namba. Na lipo swali la historia. Kwa miaka mingi, hadi Juni 1978, kanisa hili halikuwapa ukuhani wanaume weusi wenye asili ya Afrika. Mwaka 2013 lilichapisha maelezo ya kuzikana nadharia zilizotumiwa kulihalalisha zuio hilo. Kijana mweusi mwenye beji ile kifuani analijibu swali hili mlangoni, jua kali, kwa watu walioliandaa vizuri. Nilimsikia yule wa Lubumbashi akiulizwa na mwalimu mmoja mstaafu, kwa ukali. Akasema, "Ndiyo baba, ni kweli," akautaja mwaka, akasema hata yeye lilimuuma alipolijua, na akaeleza kwa nini alibaki. Hakutetea lisiloteteka. Mzee hakushawishika, lakini alimsindikiza hadi barabarani, na njiani wakazungumza juu ya muziki wa Congo.

Badiliko lilipokuja, aliyehamishwa alikuwa wa Utah. Usiku wake wa mwisho Tabata ulikwenda kwenye kuandika maelezo ya kila nyumba kwa ajili ya atakayechukua nafasi yake, na alinisomea baadhi bila kutaja majina. Fundi cherehani apewe wiki mbili kabla shule hazijafunguliwa, ana kazi nyingi. Mwulizeni habari za Mwanza. Babu wa nyumba ya pembeni haoni vizuri, someni kwa sauti. Binti anayeuza vitumbua anataka kubatizwa lakini baba yake hajakubali; msimharakishe, ongeeni na baba kwanza. Nyumba yenye geti la kijani wamesema hapana mara mbili, kwa upole. Wasalimieni njiani, msipige hodi tena.